Kipimo cha Simu Kuhusu Ulaji: Ukishapata Majibu, Uende Wapi?



Siku hizi kijana wa Sitalike mwenye simu na bando anaweza kujipima mwenyewe kama ana maradhi ya ulaji. Anajibu maswali machache, anapewa alama, kisha anaambiwa amwone mtaalamu. Hapo ndipo mtu hukwama: mtaalamu yupi, na yuko wapi?

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amekonda. Mwenye bulimia hula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Si deko, wala si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2007 watafiti Eddy, Hennessey na Thompson-Brenner walichapisha utafiti juu ya wasichana na wanawake wa Tanzania, na dalili hizo zilionekana hata kwetu.

Dodoso linalotumika sana ni SCOFF, lililotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999. Lina maswali matano: kuhusu kujitapisha, kushindwa kujizuia, kupungua zaidi ya kilo 6 hivi ndani ya miezi mitatu, kujiona mnene wakati wengine wanakuona mwembamba, na chakula kutawala maisha. Ukijibu “ndiyo” mara mbili au zaidi, unahitaji kuchunguzwa. Hiyo si hukumu. Kilo zinaweza kupungua kwa kifua kikuu, VVU au kisukari, na simu haiwezi kutofautisha. Tena, mwenye bulimia anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, hivyo tusimpuuze kwa kusema “mbona amenawiri?”

Sisi waamini tuna jambo la kuangalia zaidi: ugonjwa huu unaweza kujificha ndani ya mfungo. Sheria ya Kanisa inadai kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na mgonjwa halazimiki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mfungo huongozwa na akili, wala hauunyimi mwili kile unachohitaji ili uishi. Basi jiulize: Pasaka ikifika, naweza kula kwa furaha pamoja na wengine? Ikiwa sikukuu yenyewe inakutia hofu kwa sababu ya sahani, huo si mfungo tena.

Uende wapi? Anzia zahanati iliyo karibu. Onyesha majibu ya simu na useme waziwazi: “Najitapisha,” au “Naogopa kula.” Omba upimwe uzito, presha na mapigo ya moyo, na uulize kuhusu rufaa. Kutoka Sitalike hadi Mpanda, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, ni kilometa kama 35. Nenda na mtu unayemwamini.

Usisubiri hata siku moja ukizimia, moyo ukiruka mapigo, ukitapika damu au ukipata mawazo ya kujiua. Kutapika mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na ikipungua sana moyo unaweza kusimama.

Ndugu wa mgonjwa, msimlazimishe kumaliza sahani ya ugali. Mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na mtu anaweza kufa. Daktari ndiye apange kiasi.

Na sisi tunaojiandaa kwa upadre, pamoja na mapadre wetu, tusiishie kusema “sali tu.” Tumsikilize, tumtunzie siri, tumwambie wazi kwamba hapaswi kufunga, na kesho yake asubuhi tuhakikishe kuna mtu wa kumsindikiza zahanati. Sala haimzuii mtu kwenda kwa daktari. Inampa nguvu ya kufika.