WAYUNANI WA KALE NA VITA VYETU VYA MAJI MAJI

Mwaka 1969 vilitoka mitamboni vitabu viwili vidogo, na vyote viwili vilihusu vita vya Maji Maji. Kimoja ni cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, kilichoeleza namna vita hivyo vilivyopiganwa katika Ungoni, yaani Songea na nchi inayouzunguka mji huo. Cha pili ni mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile. Kimoja ni historia iliyopatikana kwa kuwauliza wazee. Kingine ni kisa cha msiba kilichotungwa ili kisimamishwe jukwaani mbele ya watu. Ni vitabu vyetu, vya vita vyetu na damu yetu. Lakini njia zilizotumika kuvitunga, ile ya kuwahoji mashahidi na ile ya kuuleta msiba wa taifa mbele ya umma ili utazamwe na kupimwa, zina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaturudisha kwa Wayunani wa kale, walioishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Huenda ndugu msomaji akauliza: Sisi na Wayunani, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Wakati wa ukoloni jina la Wayunani lilitumiwa kama fimbo. Tuliambiwa kwamba ustaarabu ulizaliwa Athens, ukahamia Roma, kisha ukatua London na Berlin, na kwamba Mwafrika alikaa gizani akingoja kuletewa taa. Hata mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha kuwa huru, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitamka kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa, isipokuwa ile ya Wazungu waliokuwamo humo. Mtu aliyetukanwa kwa jina la Wayunani ana haki ya kuchoka kusikia habari zao. Lakini jembe halina hatia kwa sababu tu limewahi kushikwa na mwizi.

Tena Wayunani si wageni kabisa katika nyumba yetu. Mwananchi anaposhika kalamu na karatasi, ameshika vitu viwili ambavyo majina yake yalitoka kwa Wayunani, yakapitia katika Kiarabu, yakatufikia sisi. Hali kadhalika maneno falsafa, kanuni na almasi. Katika karne ya tisa wanazuoni wa Baghdad walivifasiri vitabu vya Aristotle na vya waganga wa Kiyunani kwa lugha ya Kiarabu, na elimu hiyo ikaenea kokote kilikofika Kiarabu. Mbali na hayo, katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza mabaharia, akautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, mahali penye pembe za ndovu na vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba. Basi anayesema kwamba nchi zetu zilikuwa gizani anakanushwa na Wayunani wenyewe. Nao hawakudai kuwa walizua kila kitu. Herodotus aliandika waziwazi kwamba watu wake walijifunza mambo mengi kutoka Misri, nchi iliyo katika bara letu.

Huyo Herodotus ndiye aitwaye baba wa historia. Aliishi katika karne ya tano kabla ya Kristo, akaandika habari za vita kati ya Wayunani na Waajemi. Neno lenyewe historia, katika lugha yake, maana yake ni uchunguzi, yaani kazi ya kuuliza na kutafuta. Alisafiri nchi nyingi, akauliza makuhani, wafanyabiashara na wazee. Alipopata habari mbili zisizopatana, aghalabu aliziandika zote mbili, kisha akamwachia msomaji apime. Na alieleza mapema nia yake: matendo makubwa ya Wayunani na ya wasio Wayunani yasipotee katika kumbukumbu za watu. Hakusema ya Wayunani peke yao. Hapo ndipo ilipo heshima ya kitabu chake.

Sasa tuirudie Songea. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kabla ya mwaka kwisha moto ulikuwa umefika Ungoni. Wajerumani waliujibu kwa bunduki za rashasha, kisha wakachoma mashamba na maghala ya chakula mpaka njaa ikawa silaha kali kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa mjini Songea. Wote walionyongwa katika siku zile walizidi 60. Miongoni mwao walikuwamo Nkosi Mputa Gama na mwanamke mmoja, Mkomanile, aliyekuwa kiongozi wa watu wake. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baadaye. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa katika nchi yote iliyoasi. Wanahistoria wa baadaye waliikadiria idadi hiyo kuwa kubwa zaidi, na mmoja wao, Gilbert Gwassa, aliifikisha kati ya 250,000 na 300,000.

Kwa miaka mingi ni nani aliyeiandika habari hiyo? Ni maofisa waliokaza kitanzi. Taarifa zao zilihesabu risasi, vijiji na maiti, lakini hazikumwuliza mtu aliyechomewa ghala kwa nini alishika mkuki. Ndipo mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilipowatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya habari za vita kutoka vinywani mwa wazee. Kitabu cha Mapunda na Mpangara ni tunda la kazi hiyo. Hilo lilikuwa jibu lililomfaa Trevor-Roper. Vijana wale walifanya kile alichofanya baba wa historia ambaye wasomi wa Ulaya humtukuza: walikwenda, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika.

Njia ya pili ni ile ya jukwaa. Athens kila mwaka katika sikukuu ya mungu Dionysus maelfu ya raia walikusanyika kando ya kilima kutazama michezo. Haikuwa anasa ya matajiri. Ilikuwa shughuli ya mji mzima, na washairi walishindanishwa. Mwaka 472 kabla ya Kristo Aeschylus, ambaye yeye mwenyewe alipigana na Waajemi kule Marathon, aliwaletea wananchi wenzake mchezo uitwao Waajemi. Watu walitazamia labda nyimbo za kujisifu. Badala yake aliwaonyesha mama wa mfalme wa Uajemi akingoja habari za mwanawe, na wazee wakiomboleza vijana waliokufa vitani Salamis. Mshindi alifundishwa kutazama machozi ya adui. Jambo kama hilo ni gumu hata leo.

Michezo mingine ya Wayunani ilihusu unabii na hatari ya kuufasiri. Sophocles alitunga kisa cha mfalme Oedipus, ambacho Samuel Mushi alikileta katika Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode: mfalme anamtafuta mwuaji kwa bidii, na mwisho anagundua kwamba mwuaji ni yeye mwenyewe. Herodotus naye anasimulia habari za Croesus, mfalme wa Lydia, aliyeambiwa na kuhani wa Delphi kwamba akiwashambulia Waajemi ataangusha dola kubwa. Akafurahi, akaenda, na dola iliyoanguka ikawa yake.

Hakuna mtu wa Songea anayeweza kusoma kisa hicho bila ya kukumbuka maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Neno la nabii liliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja, na huo ni ushindi mkubwa wa siasa. Lakini neno lilelile liliwaambia watu kwamba risasi zitageuka maji, nao wakakimbilia mdomo wa rashasha. Ebrahim Hussein aliutazama utata huo bila kuukwepa. Katika mchezo wake neno linamponyoka aliyelitamka. Mwishoni Kinjeketile yumo mikononi mwa Mjerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo. Anakataa, kwa kuwa akikubali, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kupigania nchi kulikuwa kosa. Hapo pana shujaa, pana kosa, pana anguko, na pana utukufu ndani ya anguko hilo. Mambo ambayo Aristotle alikwisha kuyachambua katika kitabu chake juu ya ushairi na michezo. Lakini hatukusoma habari za Athens hapo. Tulisoma habari zetu.

Hivyo ndivyo chombo cha mgeni kinavyopaswa kutumiwa. Mwalimu Nyerere mwaka 1963 alifasiri Julius Caesar wa Shakespeare. Shakespeare naye alikitoa kisa hicho kwa Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, kwa kupitia tafsiri ya Kiingereza. Maneno ya Mwyunani yakavuka bahari na lugha kadhaa mpaka yakatua katika Kiswahili cha kiongozi wa nchi huru, aliyetaka kuonyesha kwamba lugha yetu inabeba mzigo wowote. Hussein mwenyewe hakubaki katika kanuni za Aristotle milele; katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, mwaka 1976, alikishika kiti cha msimulizi wa kwetu. Alijifunza, kisha akarudi nyumbani na alichojifunza.

Wala tusiwatukuze Wayunani kupita kiasi. Demokrasia ya Athens ilikuwa ya wanaume huru. Wanawake hawakupiga kura, wageni hawakupiga kura, na watumwa walichimba fedha katika migodi ya Laurion ili wengine wapate nafasi ya kujadili haki. Mfanyakazi anayesoma habari zao hana budi kuuliza ni nani aliyejenga, ni nani aliyechimba, na kwa nini majina yao hayakuandikwa. Na swali hilohilo alilete nyumbani. Tunawajua manduna walionyongwa. Je, wapagazi? Je, akina mama waliotafuta mizizi porini wakati wa njaa ili watoto wasife? Hao pia walikuwa vitani.

Liko fundisho moja zaidi, nalo ni chungu. Thucydides, mwanahistoria aliyemfuata Herodotus, alikuwa jemadari wa Athens. Hata hivyo aliandika bila kuficha jinsi mji wake, mwaka 416 kabla ya Kristo, ulivyokiangamiza kisiwa kidogo cha Melos kwa sababu tu kilikataa kutii: wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa. Aliipenda nchi yake, lakini hakuisingizia wema ambao haikuwa nao. Nasi tunapoandika habari za Ungoni tusianzie mwaka 1905 peke yake. Wangoni walikuja kutoka kusini katika karne ya kumi na tisa kama washindi, wakawatawala Wandendeuli na wengine, wakawavamia majirani. Kusema hivyo si kuwapunguzia mashujaa heshima yao. Umoja wa taifa letu umejengwa na watu waliokuwa maadui jana, na umoja unaojua ulikotoka hauvunjwi na mchochezi anayekuja na siri za kale.

Kila mwezi wa Februari watu hukusanyika Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka waliokufa. Athens pia ilikuwa na desturi ya kuwazika hadharani askari wake wa mwaka, raia mmoja akichaguliwa kutoa hotuba, na majina yao yakichongwa katika mawe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Neno hilo lilistahili kusemwa. Lakini msamaha ulioombwa na mgeni haumalizi kazi ya mwenyeji.

Wazee waliohojiwa mwaka 1968 wamekwisha kwenda zao. Wanaobaki ni wajukuu na vitukuu waliosikia habari vinywani mwao, na hao nao sasa ni wazee. Kila anapozikwa mmoja, hufukiwa pamoja naye majina ya mito, ya mapango ya kujificha na ya watu ambao hakuna karatasi ya Mjerumani iliyowataja. Walimu wa Songea, Namtumbo na Mbinga wanao wanafunzi. Matawi ya Chama yanao makatibu wanaojua kuandika. Vyama vya wafanyakazi vinayo mikutano. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kijana mmoja, mzee mmoja, daftari moja, na uaminifu wa kuandika yaliyosemwa hata pale yasipopendeza. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe maneno ya wote wawili, kama alivyofanya Herodotus.

Wayunani walikuwa taifa dogo, lenye ardhi ya mawe na vita visivyokwisha baina ya miji yao. Majeshi yao yalishindwa na uhuru wao ukachukuliwa na Warumi. Kilichowafanya wajulikane mpaka leo kutoka Athens hadi Ruvuma ni kwamba waliuliza habari zao wenyewe, wakaziandika, na hawakungoja aliyewashinda awaandikie. Kalamu waliyotuachia jina lake tunayo mkononi, na mzee wa kumwuliza bado yupo barazani.