Kamera ya mtumba hadi Pujini: piga hesabu kabla ya kutoa fedha

Binti mmoja wa Pujini amenijia na azma ya kupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Azma hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kwetu Pemba, ndani walimo wanawake haingii mpiga picha mwanamume, na wenye shughuli wengi hawapendi simu za wageni zifanye kazi humo. Mwanamke anayeaminika, ambaye picha zake zinaishia mikononi mwa bibi harusi, hakosi wa kumwita. Swali lake ni hili: anunue kamera mpya, ya mtumba, au aendelee na simu?

Mchana simu nzuri inatosha. Ukisimama kwenye magofu ya Mkama Ndume hapo Pujini saa nne asubuhi, kuta zile za karne ya 15 zitatoka vizuri kwa simu, tena bila gharama. Lakini usiku, chumbani, taa moja juu na watu wanacheza, simu inatoa picha zilizofifia na mikono isiyo na vidole. Hapo ndipo kamera inapostahili bei yake.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, bei halisi uiulize siku unayonunua. Tuseme kamera ya mtumba na lenzi ni shilingi 600,000. Ongeza betri ya pili 60,000, memori kadi 30,000, nauli na matumizi ya safari ya kwenda kuikagua Unguja 100,000, na akiba ya fundi 110,000. Jumla 900,000. Mpya ya daraja la chini tuseme 1,400,000. Ukiongeza vitu hivyo hivyo bila akiba ya fundi inafika 1,590,000. Kama kila harusi inamwachia 60,000, ya mtumba inarudisha fedha yake kwa harusi 15, mpya kwa harusi 27. Na harusi haziji kwa mstari ulionyooka: zinasongamana Rajab na Shaaban, zinasimama Ramadhani, zinarudi Mfungo Mosi, na karafuu zisipozaa zinapungua. Harusi 12 za ziada zaweza kuwa mwaka mzima wa kusubiri.

Kwa hiyo mtumba unashinda kwa bei. Unaponishughulisha ni kwenye lenzi.

Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba miezi mingi. Wanunuzi wengi hukagua mwili wa kamera, wakahesabu mikwaruzo, wakasahau kioo. Mikwaruzo ya nje haiharibu picha. Vua lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, rudisha, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Kuisafisha kunataka fundi wa kuifungua lenzi yote, na ukitoka Pujini huenda ukalazimika kuvuka bahari kumfuata. Ukishanunua, usiiache mkobani: iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

La pili la kukagua ni shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga. Nikon D3100, kamera ya mwaka 2010, shata yake ilijaribiwa na kiwanda kwa mipigo 100,000. Ikiwa imeshapiga 40,000, na harusi moja inakula picha 1,000, kuna matumaini ya harusi 60 zaidi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo mwombe muuzaji akupigie moja na kuituma WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, taarifa hizo hufutika. Canon nyingi hazina taarifa hiyo pichani. Hutaka kuunganishwa na kompyuta.

Hata hivyo, kwa binti huyu mimi nachagua Canon 600D ya 2011 au 700D ya 2013. Sababu ya kwanza ni betri: aina moja, LP-E8, inaingia 550D, 600D, 650D na 700D, hivyo ya kuazima au kununua haitamsumbua sana. Ya pili ni lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo huingiza mwanga takriban mara kumi ya lenzi ya kawaida ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho. Kwa chumba chenye taa moja, hiyo ndiyo silaha. D3100 haina mota ya kulenga mwilini mwake, na mtu akimuuzia lenzi ya zamani ya Nikon isiyo na mota, atalenga kwa mkono usiku kucha huku bibi harusi ameshapita.

Neno langu kwake, na kwako unayefikiri kama yeye: kwanza kodi kamera kwa harusi mbili tatu, hata ikila nusu ya pato. Ukiona wanakuita tena, nunua ya mtumba, uikague mchana kwa mkono wako mwenyewe, na usitume fedha kwa mtu uliyemwona kwenye simu tu.