Cheo Kipya au Kihamba cha Baba?

Kila Desemba barabara itokayo Boma Ng'ombe hadi Sanya Juu hujaa magari ya watu waliokuja kula Krismasi nyumbani. Huchinja mbuzi, hunywa mbege, na huwaahidi wazee kwamba wakistaafu watarudi moja kwa moja. Baada ya wiki mbili huondoka. Wengi hurudi kweli, lakini ndani ya jeneza, kuzikwa katika kihamba ambacho hawakukilima.

Bwana mmoja niliyezungumza naye hapa Sanya Juu, aliyeniomba nisimtaje jina, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mhasibu wa serikali huko Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 49, akiishi peke yake huku mkewe na watoto wakibaki kihambani. Desemba moja, akiwa na barua ya kupandishwa cheo mfukoni, alianguka mlangoni pake. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi aliambiwa kuwa moyo wake umechoka.

"Daktari hakunitisha," alisema. "Aliniuliza tu watoto wangu wako darasa la ngapi. La yule mdogo sikulijua."

Alikikataa cheo, akaomba uhamisho wilayani Siha. Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Pensheni ilikuwa bado mbali. Mkewe alikasirika, wala mimi simlaumu, kwani nyumba ilikuwa haijaezekwa na ada za shule hazingoji. Alimwuliza, "Baba, umerudi kutusaidia, au umerudi tukuuguze?" Hakuwa na jibu.

Wapo waliochagua vingine. Bob Collymore, aliyeiongoza kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya, aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 2017. Alitibiwa London, akarejea kazini mwaka 2018. Mei 2019 mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja. Julai mosi alifariki. Mwalimu Nyerere naye aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi huku akiugua maradhi kama hayo, hadi mauti yalipomkuta Oktoba 1999. Nani athubutu kusema walikosea? Bwana wetu yeye alijipima kwa kipimo kingine: "Kazi yenyewe sikuipenda. Nilipenda kuamkiwa."

Ndugu yake, aliyekitunza kihamba miaka yote hiyo, alimwendea na jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni ombi la msamaha. Sasa anamfundisha kupogoa kahawa, na hamwonei haya akikosea tawi.

Yule mtoto mdogo yuko darasa la nne. Baba humsindikiza shuleni kila asubuhi, ila amekwisha kuombwa aishie penye kona, kwa sababu wenzake huuliza mgeni huyu ni nani.