Je, Wajua? Motokaa Isiyo na P

Je, wajua kuwa motokaa za Oldsmobile za mwaka wa 1940, za mwanzo kuuzwa na gia otomatiki ya Hydra-Matic, hazikuwa na P, yaani nafasi ya kuegesha, hata ikamlazimu dereva aliyekwisha kuegesha azime injini kwanza, kisha atie gia ya nyuma ili magurudumu yafungike, na alfajiri airudishe kwenye N, yaani gia huru, ndipo stata ikubali?

Hata stata ikikubali, bado kuna choki: mwenye motokaa ya kale Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa takriban sehemu moja katika sita kuliko pwani, na kwa hiyo mchanganyiko wa kabureta huzidi petroli, avute choki asubuhi za baridi ya Juni, lakini airudishe upesi; la sivyo plagi zitalowa, na watoto wa jirani wataitwa kusukuma.

Tukirudi kwenye kuegesha, akisimamisha motokaa yenye P kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, akiwa kwenye N atangulize breki ya mkono, aachie ya mguu taratibu mpaka motokaa itulie, ndipo atie P. Akikosea utaratibu huo, uzito wote hulalia kijino kimoja cha chuma, na kukinasua hutoa mlio kama shoka juu ya kisiki.