Injini ya Toyota, ekseli ya Land Rover

Msomaji mmoja wa Arusha amerithi kwa marehemu baba yake Land Rover Series III ya miaka ya 1970, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Injini yake ya dizeli imechoka. Fundi amempatia ya mtumba ya Toyota, 1HZ, jamii ya zile zinazopeleka watalii mbugani kila siku, na msomaji anauliza: je, itaingia?

Itaingia. Land Rover wenyewe waliwahi kuuza 109 yenye injini ya petroli ya silinda sita, kwa hiyo injini ndefu kama hii chini ya boneti ile si kioja. Fundi anayejua kazi atakata maunting za zamani na kuchomelea mpya, atasogeza radieta, atachonga sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, na gari litawaka. Ninachotaka kujua mimi ni hiki: ikishaingia, nguvu yake itapita wapi kabla ya kufika barabarani.

Dizeli ya Land Rover ya enzi hizo ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi 62. 1HZ ina 4,164 na farasi wapatao 130. Wengi huishia hapo, kwenye farasi, wakaanza kushangilia. Lakini kinachokata chuma ni nguvu ya kusokota. Wapo wanaoiita “nguvu ya mzunguko”, jina nisiloliafiki: nati iliyoshikwa na kutu haizunguki hata kidogo, na bado mkono wako ulio kwenye spana unaisokota kwa jasho jingi. Kusokota kupo hata pasipo na kuzunguka, na tutaona kwamba huko ndiko hatari iliko. Mimi nitaiita msokoto. Anayedhani msokoto ni wa bangi peke yake anivumilie.

Msokoto hupimwa kwa nyutoni-mita, na moja ni kama kutundika kitu cha gramu 100 kwenye ncha ya spana ya urefu wa mita moja. Dizeli ya Land Rover hutoa zipatazo 140 ikiwa na afya yake. 1HZ hutoa 285, tena mapema, injini ikizunguka mara 2,200 tu kwa dakika. Msokoto huo haufiki mbichi kwenye gurudumu. Gia ya kwanza ya Series III inauzidisha mara 3.68. Ukiingiza gia ya chini, ile ya tope na mlima, unazidishwa tena mara 2.35, na difu inaumalizia kwa mara 4.7. Kwa jumla ni mara 40 na ushee. Gia haziumbi nguvu. Zinauza mwendo ili kununua msokoto, na bei yake ni injini kuzunguka mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo, tukiacha kinachopotea kwenye msuguano, injini ya zamani inaweza kupeleka kwenye magurudumu nyutoni-mita 5,700 hivi, na ya Toyota 11,600. Mzigo huo wote unapita kwenye ekseli, mitaimbo ya chuma inayotoka kwenye difu kwenda kushoto na kulia.

Sasa tazama dada wawili wakikamua blanketi lililolowa. Mkubwa ameshika ncha moja, anasokota; mdogo ameshika nyingine, amekaza mikono tu, hageuki. Mdogo anaweza kudai kwamba yeye hafanyi kitu, lakini viganja vyake vinauma sawasawa na vya dada yake, na blanketi lililo kati yao halijui ni nani anayesokota na ni nani anayezuia. Msokoto ni uleule kwenye ncha zote mbili. Mdogo akiachia, mambo yameisha: dada mkubwa hata awe na misuli ya mbeba magunia, blanketi linazunguka tu, halikamuliwi. Halafu angalia blanketi lenyewe likiwa limekazwa. Nyuzi za nje ndizo zilizovutika, na maji yanachuruzika kutoka huko; zile za katikati kabisa zimejigeuza kidogo tu mahali pake. Na mdogo akiachia, kisha akalidaka ghafla likiwa bado linazunguka, hapo ndipo utasikia kitambaa kikilia.

Dada mkubwa ni injini, mdogo ni tairi. Kwenye tope laini tairi “limeachia”, na ekseli haibebi kitu cha maana, hata dereva akanyage mafuta mpaka sakafuni. Mtaimbo hukatika pale gurudumu linalozunguka ovyo linapokamata jiwe kwa ghafla, au gari lenye shehena likiwa limekwama, tairi likang'ang'ania, na hakuna kinachozunguka. Dereva anasikia mlio mmoja mkavu, kisha gari linanguruma bila kwenda.

Zile nyuzi za nje ndizo zinazonifurahisha kuliko yote. Katika mtaimbo wa chuma unaosokotwa, kiini karibu hakifanyi kazi. Nusu ya ndani ya kipenyo hubeba sehemu 1 tu kati ya 16 za msokoto. Sehemu 15 zinabebwa na chuma cha nje. Unaweza kuutoboa mtaimbo katikati, tundu lenye nusu ya kipenyo chake, ukapunguza robo nzima ya uzito na kupoteza uwezo usiofika hata asilimia 7. Chungulia chini ya gari lolote lenye propela ndefu na utaikuta ni bomba. Waliolichora hawakuwa wanabania chuma. Na kuna zaidi. Uwezo wa mtaimbo kubeba msokoto hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe. Ongeza unene kwa robo moja tu na uwezo unakaribia kuwa maradufu! Tofauti ya ekseli inayodumu na ile inayokatika kila masika inaweza kuwa milimita chache, ambazo jicho halizioni kwa urahisi.

Ubaya ni kwamba kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa kurudi nyuma. Ili ekseli ishikane na difu, ncha yake huchongwa meno, na kuchonga meno ni kukata kile chuma cha nje chenye kazi yote. Ekseli za kawaida za Series zina meno 10 makubwa, yenye mifereji ya kina. Chini ya kila mfereji kuna kona, na konani mkazo hujazana. Ufa huanzia hapo, mdogo kama unywele, ukajisogeza kila gari linaponyanyuka mlimani.

Waundaji wa gari hili waliijua hesabu hiyo. Mwaka 1965 kampuni ya Rover ilinunua kwa General Motors haki za injini ya V8 ya alumini ambayo Buick ilikuwa imeiacha. Iliifunga kwenye Range Rover mwaka 1970, na mwaka 1979 ikaiingiza kwenye Land Rover yenyewe, gari lililojulikana kama Stage One. Kwenye Range Rover injini ile ilitoa farasi zaidi ya 130. Kwenye Stage One ilibanwa hadi 91. Walibadilisha pia giaboksi, wakaweka inayosukuma magurudumu manne muda wote ili msokoto ugawanywe mbele na nyuma, na uwiano wa difu ukashushwa kutoka 4.7 hadi 3.54. Kwa difu hiyo, 11,600 zetu zinashuka hadi 8,700 hivi, na kwenye barabara kuu mizunguko ya injini inapungua kwa robo nzima.

Breki za Series ni za dramu, kwa hiyo zihesabiwe upya. 1HZ ni nzito, springi za mbele zitalalamika. Na namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe. Turudi kwenye ekseli.

Kabla ya kumlipa fundi, msomaji wangu achukue tochi, alale chini ya gari lake na kuangalia difu ya nyuma. Akikuta mfuniko uliofungwa kwa bolti kuzunguka pande zote, ana bahati: hiyo ni Salisbury, iliyofungwa kwenye 109 nyingi za miaka hiyo, na ekseli zake zina meno 24, membamba na yasiyochimba sana. Kazi iko kwenye uwiano. Difu ya 3.54 ya Range Rover inaingia mbele, lakini Salisbury haiipokei, na mbele na nyuma lazima zilingane. Atafute ekseli nzima ya nyuma ya Stage One. Akiikosa, abaki na 4.7 pande zote mbili, na kwenye gia ya kwanza ya chini, penye mawe, aguse mafuta kwa kidole gumba cha mguu tu.