Nani Mwenye Saa za Mkulima?

Siku hizi katika miji yetu yasikika maneno mengi juu ya kupatanisha kazi na maisha ya nyumbani. Makarani, waalimu, watumishi wa mabenki na wa serikali wanauliza kama yafaa mtu aletewe maagizo ya kazi kwa simu saa tatu ya usiku, hali amekwisha vua viatu na watoto wake wamemzunguka. Swali hilo ni la haki, wala sisi hatulidharau. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Kwa hiyo anayetaka kupumzika asiitwe mvivu. Lakini twaona mazungumzo hayo yana upungufu mmoja mkubwa: yanaanza ofisini na kuishia ofisini, kana kwamba mwenye saa za kazi ni yule tu mwenye meza na kiti.

Leo twapenda wasomaji wetu waifuate barabara itokayo Bigwa, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ikapita Kiroka na kuendelea hadi Mkuyuni kwenye njia ya Matombo. Hiyo ni nchi ya ndizi, mananasi, machungwa na mafenesi, na pilipili manga na mdalasini hupandwa kwenye miteremko ya Uluguru. Abiria akiyaona matunda hayo yamepangwa kando ya njia husifu rutuba ya nchi. Ni nadra kusikia mtu akiusifu mgongo ulioyashusha kutoka mlimani.

Asimamaye hapo alfajiri ataona jinsi siku inavyoanza. Mwanamke ameamka kabla ya jua, amechota maji, amewasha moto, amewatayarisha watoto waende shule. Kisha anachukua jembe na kupanda njia nyembamba kwenda shambani, aghalabu na mtoto mgongoni. Arudipo jua likiwa kali, hashuki mikono mitupu. Ana kuni kichwani. Baada ya hapo ni kutwanga, kupika, kufua, kuogesha watoto, na pengine kumwuguza mzee. Saa yetu ya Kiswahili ni saa ya mkulima, nayo huhesabu ya kwanza jua likiisha kuchomoza. Kwa mwanamke huyu, basi, saa zilizotangulia saa moja hazimo hata katika hesabu ya saa za mchana.

Zamani wageni waliotawala nchi hii walikuwa na shauku kubwa ya kuhesabu siku za watu wetu, lakini walizihesabu kwa faida yao. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kwa kuwa kodi ilitaka fedha, mtu alisukumwa kwenda kuitafuta kwa mwenye shamba. Baadaye ikaja kadi ya kipande katika mashamba ya mkonge. Manamba alipewa kadi ya siku 30 za kazi, naye alipaswa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Mashamba hayo yalikuwa chini tu ya milima, huku Tungi na Pangawe, lakini Waluguru wengi walichagua kubaki na migomba yao. Walowezi walikuwa na neno moja kwa Mwafrika wa namna hiyo: mvivu. Mtu aliyelima mteremko ambao mgeni hangeweza kuupanda bila mkongojo aliitwa mvivu, kwa kuwa tu alijilimia mwenyewe.

Jambo lililoonyesha waziwazi mzozo huo ni mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, uliojulikana kwa herufi za ULUS, katika miaka ya mwanzo ya 1950. Serikali ya Waingereza iliona udongo ukimomonyoka na mito ikichafuka, na kusema kweli haikuwa imekosea yote. Mlima ule ndio chemchemi ya Ruvu na Ngerengere. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, ambayo watu walilazimishwa kuyachimba, na aliyekataa aliadhibiwa. Siku ambazo mtu angelima shamba lake zikawa siku za serikali. Tena, kwenye udongo wa namna ile, kuchimba ngazi kulifukia udongo mzuri chini na kuleta juu udongo mkavu usio na nguvu. Mkulima akapoteza siku zake, na mahali pengi akapoteza na mavuno.

Mwezi wa Julai mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga amri hiyo. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango wenyewe ukaachwa. Vitabu vya historia hulitaja jambo hili katika sura ya kudai uhuru, na ni haki. Lakini sisi twaona kwamba lilikuwa pia shauri la saa za kazi. Watu wale walikuwa wakiuliza: siku zangu ni za nani?

Na asiyeamini kwamba swali lilikuwa hilo, na atazame yaliyotokea huko huko Uluguru nusu karne baadaye. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika eneo la Kibungo, ambamo wakulima walishauriwa kuhifadhi ardhi ili maji ya Ruvu yaendayo Dar es Salaam yapungue matope. Watumiaji wa maji, wakiwamo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima waliofanya kazi hiyo. Watu wakachimba matuta ya ngazi. Ni mlima ule ule na jasho lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa, akakubali, na saa zake zikahesabiwa kuwa na thamani.

Baada ya uhuru tulianza kuhesabu wenyewe. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka 1967, halikuogopa jambo hilo. Lilieleza kwamba mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi saa 45 kwa juma, likasema pia kwamba kwa nchi changa saa hizo si nyingi. Kisha likawageukia wakulima na kukiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba hakuna mtu katika Tanzania afanyaye kazi kuwashinda. Wanaume wa vijijini hawakuponyoka: walitajwa kuwa watu ambao nusu ya maisha yao wako likizoni. (Kwa Mkuyuni twaweza kuwatetea kidogo, maana anayekesha shambani akifukuza nguruwe hayuko likizoni. Lakini tusiwatetee mno. Wengi wanaocheza bao mchana hawakukesha popote.)

Tufanye hesabu sisi wenyewe. Saa 12 kwa siku, siku 7 za juma, ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa juma, katika siku zisizozidi 6. Kazi ya ziada hulipwa mara moja na nusu, wala haipasi kuzidi saa 50 katika majuma manne. Angalieni jinsi ile namba 45 ilivyosimama pale pale tangu mwaka 1967. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi mwanamke aliyejifungua siku zisizopungua 84 za likizo yenye malipo. Namba 84 inawakuta wanawake wote wawili: mmoja ni siku zake za kupumzika na mtoto, na mwingine ni saa zake za kazi kila juma, mtoto akiwa mgongoni.

Hatusemi haya ili mfanyakazi wa mjini aonekane amepewa kupita kiasi. La hasha! Tangu mwaka 1919 mataifa yalipokubaliana juu ya saa 8 kwa siku na 48 kwa juma, kila saa iliyopunguzwa ilipiganiwa, na Wafaransa wamefika saa 35. Tunachosema ni kwamba haki hiyo imeishia mlangoni pa mwajiri. Tena haikuwaacha nje wakulima peke yao. Kijana wa Mkuyuni aliyechoka na jembe huenda Morogoro mjini kuendesha bodaboda ya mtu mwingine, na kila jioni hudaiwa hesabu ya tajiri. Hesabu ikitimia mapema hurudi nyumbani. Isipotimia huzunguka hadi usiku wa manane. Sheria yamtazama akipita. Amekimbia kazi isiyo na kikomo akaangukia nyingine, ila hii ina pikipiki.

Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi nayo hufuata ukoo. Kwa hiyo katika mlima huu mwanamke si kibarua wa mtu. Ana neno katika ardhi. Ni ajabu, basi, kwamba mwenye neno katika ardhi hana neno katika siku yake. Hilo halitengenezwi na sheria ya ajira, maana yeye hana mwajiri wa kushtakiwa. Laweza kutengenezwa na mambo mengine yasiyo na fahari: bomba la maji lililo karibu na nyumba, mashine ya kusaga isiyo mbali, jiko lisilokula kuni nyingi, na mume ashikaye ndoo bila kuona haya. Saa huweza kupotea hata kwa nia njema. Mkutano wa kijiji ukiitwa saa nne asubuhi katika msimu wa palizi, wanaokuja ni wale wenye nafasi, na wanaoamua juu ya maji ni wale wasioyachota.

Tungependa Halmashauri, ipangapo fedha za kata kama Mkuyuni, iulize juu ya kila mradi: utamrudishia mama saa ngapi kwa siku, au utamchukulia ngapi? Jibu halipatikani kwa kukaa mjini. Na waheshimiwa wapandishe mlima saa kumi na moja ya alfajiri, kwa miguu, nyuma ya wenye ndoo, wakiwa na saa mkononi, wakae nao mpaka moto wa jioni uzimwe.