Wanamwita Mvivu, Kumbe Kinga Yake Imemgeuka

Mwezi huu nilipanga kukuandikia habari za mitoko ya wapendanao. Nimeiweka kando kwanza. Kuna shoga yangu mmoja, yaliyompata yamenikosesha usingizi, na ndiyo yaliyonifanya nianze kumsoma daktari mmoja wa Marekani ambaye sijawahi kumwona hata siku moja. Jina la shoga yangu silitaji, tumekubaliana hivyo.

Ilianzia saluni. Tumekaa tunasubiri zamu, yeye ameshika chai. Ghafla kikombe kikamponyoka. Nikacheka, nikamwambia, "Wewe, mapenzi hayo yatakutia wazimu!" Hakucheka. Akaniangalia tu, akasema, "Shoga, mkono huu siusikii tangu juzi." Alikuwa na miaka 31, mhasibu, mama wa mtoto mmoja, ndoa yake ina miaka minne.

Nilipombana vizuri nikakuta mengi. Mwaka uliotangulia jicho lake moja liliingia ukungu na lilimuuma kila alipoligeuza. Wiki chache baadaye likarudi lenyewe. Akaandikiwa miwani, basi. Kisha ukaja uchovu, yaani uchovu wa kushindwa kuinuka kitandani hata kama amelala usiku kucha. Mama mkwe akaanza maneno: "Mke gani huyu, kutwa kulala?" Mume, ambaye mwanzoni alimtetea, naye akaanza kununa. Majirani wakasema karogwa. Wengine wakanong'ona kuwa ana ule ugonjwa na anaficha. Ndoa ikawa inabomoka kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyejua kinaitwaje.

Jina lilipatikana baada ya kipimo cha MRI cha kichwa na uti wa mgongo: maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

NI UGONJWA GANI HUU?

Fikiria waya wa umeme. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Mishipa ya fahamu nayo ina ganda lake, linaitwa mielini. Kwa mtu mwenye MS, kinga ya mwili, ile ile inayopaswa kupigana na vijidudu, inaligeukia ganda hilo na kulila. Ubongo unatuma ujumbe, ujumbe unakwama njiani. Ndiyo maana leo ni jicho, kesho mkono, keshokutwa miguu au kibofu. Na kwa kuwa dalili zinakuja na kuondoka, watu wanadhani mgonjwa anaigiza.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina huko Paris mwaka 1868. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2020 ilionyesha watu milioni 2.8 wanaishi nao duniani. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule wa kuolewa, kuzaa na kupanda cheo. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Kwa hiyo huku kwetu ni nadra, na kitu kikiwa nadra si rahisi mtu kukifikiria.

DAKTARI ALIYEKATAA KUNYOOSHA MIKONO

Hapo ndipo nilipokutana, kwenye kusoma kwangu, na Stephen Hauser, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Alimaliza udaktari Harvard mwaka 1975. Akiwa bado kijana mafunzoni, alimhudumia mwanamke mmoja, mwanasheria mwenye nyota inayong'aa, ambaye MS ilimshukia kama radi. Ikamnyang'anya uwezo wa kusema na kumeza. Dawa ya kuuzuia ugonjwa huo haikuwepo. Hauser amesimulia mara nyingi kwamba mgonjwa huyo ndiye aliyemfanya aamue MS iwe kazi ya maisha yake.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini mkosaji ni mmoja tu: chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Hauser akaona hesabu haijakaa sawa. Yeye na wenzake wakafanya majaribio kwa tumbili wadogo waitwao mamoseti. Walipowahamishia seli T peke yake, ubongo ulivimba, lakini ganda la mielini halikuliwa kama inavyokuwa kwa binadamu. Walipoongeza kingamwili, uharibifu ukafanana na ule wa MS. Na kingamwili chanzo chake ni seli nyingine, seli B. Basi akajiuliza: je, tukiziondoa seli B itakuwaje?

Bahati nzuri dawa ya kuziondoa ilikuwepo tayari. Inaitwa rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi. Hauser akaomba fedha za serikali ya Marekani ili aijaribu kwa wagonjwa wa MS. Akanyimwa. Waliopitia ombi lake waliona wazo hilo haliingii akilini kibaiolojia. Jamani, fikiria umetumia miaka na miaka kwenye jambo, halafu wakubwa wa fani yako wanakwambia halina kichwa wala miguu!

Hakuacha. Akawafuata watengenezaji wa dawa, kampuni ya Genentech, wakakubali kugharamia jaribio dogo, ingawa nao hawakuwa na matumaini makubwa. Wagonjwa walikuwa 104. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliopata rituksimabu walikuwa na vidonda vipya vya ubongo pungufu kwa asilimia 91 ukilinganisha na waliopewa dawa bandia. Asilimia 91, msomaji wangu!

Kuna kitu hapa kilichonifanya nimpende zaidi mzee huyu. Dawa ilifanya kazi haraka mno, kabla hata kingamwili hazijapungua mwilini. Maana yake Hauser alilenga mahali penyewe, lakini sababu aliyoitegemea haikuwa kamili. Seli B zilikuwa zinafanya ubaya wa namna nyingine, ikiwemo kuzichochea hizo seli T. Hakulificha hilo. Aliendelea kuuliza.

Baadaye ikaja dawa ndugu, okrelizumabu, inayotolewa kwa dripu kila baada ya miezi sita. Machi 2017 iliidhinishwa Marekani, ikawa ya kwanza kuidhinishwa hata kwa ile aina ya MS inayozidi polepole tangu mwanzo bila kupoa. Mwaka 2025 Hauser alipata tuzo ya Breakthrough, ambayo zawadi yake ni dola milioni 3, akishirikiana na Alberto Ascherio wa Harvard. Huyu Ascherio na wenzake walifuatilia kumbukumbu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani, na mwaka 2022 wakaonyesha kwamba kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr huongeza hatari ya MS mara 32. Virusi hivyo huenea kwa mate, ndiyo, hata kwa busu. Usianze kumkimbia mpenzi wako! Karibu watu wazima wote tunavyo, na wengi mno hatutapata MS kamwe. MS yenyewe haiambukizi.

NA HUKU KWETU JE?

Daktari wa shoga yangu hakukimbilia dawa. Alitaka kwanza kuondoa shaka ya ugonjwa mwingine unaofanana na MS, unaoshambulia zaidi mishipa ya macho na uti wa mgongo. Unaitwa nyuromaelitisi optika. Kingamwili inayoutambulisha iligunduliwa na watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, na kutangazwa mwaka 2004. Huu unawapata watu wenye asili ya Afrika na Asia zaidi kuliko wazungu, na baadhi ya dawa za MS zinauzidisha. Kwa hiyo kutofautisha si anasa. Damu ikapelekwa nje ya nchi, tukasubiri wiki tatu tukiwa roho juu. Jibu likarudi: ni MS.

Kisha bei. Okrelizumabu ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kwa dola 65,000 kwa mwaka. Shoga yangu alicheka mpaka akalia. Lakini rituksimabu, ile ya mwanzo iliyoonekana haiingii akilini, ina nakala zake za bei nafuu zaidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Ndiyo anayotumia. Bado ni pesa, ndugu wamechanga. Na si ya kunywa kienyeji: inashusha kinga, kwa hiyo lazima kupimwa kwanza homa ya ini na maambukizi mengine. Pia haiponyi wala hairudishi kilichokwisha kuharibika. Inazuia uharibifu mpya, ndiyo maana kuchelewa kunagharimu. Vidole vyake viwili mpaka leo vina ganzi.

MUME ALIPOSIKIA

Siku ya majibu mumewe alikwenda naye. Daktari akamwonyesha picha ya MRI, yale madoa meupe kichwani mwa mkewe. Shoga yangu ananiambia mwanaume alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anasema kweli?" Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mama yake, akazungumza naye. Alichomwambia sikijui. Ninachojua ni kwamba mama mkwe alikuja Jumapili na kuku wawili, akaingia jikoni akapika mwenyewe.

Sikudanganyi kwamba kila kitu sasa ni asali. Kuna siku anaamka mchovu na mume anasahau, wanagombana. Wanataka mtoto wa pili, na inabidi wapange na daktari kwa sababu ya dawa, ingawa MS yenyewe haimzuii mwanamke kuzaa.

Nakuomba jambo moja, wewe unayesoma. Ukiona kwako au kwa umpendaye jicho limeingia ukungu na linauma, ganzi ya upande mmoja inayodumu zaidi ya siku nzima, miguu inayokosa nguvu, au uchovu usioelezeka unaoandamana na hayo, usikubali kuambiwa ni mawazo. Mara nyingi itakuwa kitu kingine. Lakini omba kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu, na mwandikie tarehe za kila dalili, hata zile zilizopona zenyewe.

Dripu ijayo ni mwezi ujao. Mume ameshaomba ruhusa kazini. Mimi nitabaki na mtoto.